Talaka Iliyotundikwa Garini

Wiki iliyopita tulimwacha Fundi Famau kichwa na mabega vikiwa ndani ya buti la gari, miguu nje, akipiga ukelele uliomtoa paka juu ya ukuta. Mmeniandikia wengi mkitaka kujua ameona nini. Wengine mmesema nyoka. Msomaji mmoja wa Malindi amebuni maiti. Msomaji wa Malindi, tulia. Ilikuwa pamba.

Pamba, ndiyo. Pamba iliyosokotwa, ikachovywa kwenye sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa vyombo vya baharini, kisha ikapigiliwa kwa patasi baina ya neli za shaba za mtambo wa baridi. Mtu alikuwa amelitia gari kalafati, kama mashua inayovuja.

Kwa aliyelikosa gazeti, nitasema mara moja tu, maana nina haraka na Famau ana haraka zaidi.

Bwana Jamaludin wa Mkomani, Lamu, mwenye majumba na mwenye ulimi mwepesi, alinunua Mombasa gari kubwa la Kimarekani lililoundwa kabla ya vita. Akalileta Lamu juu ya mashua mbili zilizofungwa pamoja. Katika mitaa ya Mkomani punda wawili wakikutana mmoja hurudi nyuma, basi gari lile likawekwa ndani ya gofu la nyumba ya babu yake, na hapo lipo hadi leo. Haliendi popote. Lakini lina kitu ambacho hata Bwana DC hana: mtambo wa kupoza hewa. Jamaludin huwasha injini, hufunga vioo, hukaa ndani na marafiki zake wakati wa joto la kaskazi, wakinywa kahawa na kuona baridi.

Kisha koili ikatoboka. Koili ni ile neli ya shaba iliyopindwapindwa nyuma ya kiti, ambamo gesi hupita na kutoa baridi. Gesi ikatoroka, gari likawa tanuri, na marafiki wakacheka. Jumamosi, mbele ya watu saba, Jamaludin akasimama na kuapa: gari lisipompuliza baridi usoni kabla ya adhana ya adhuhuri ya Ijumaa, basi mkewe Khairiya binti Abdulkadir ameachika. Na wawili hao wameshaachana na kurejeana mara mbili. Hii ingekuwa ya tatu, na ya tatu haina kurejeana.

Jumapili asubuhi alikwenda kwa shekhe akilia. Shekhe akamwambia talaka ameitundika mwenyewe kwa ulimi wake, na baridi isipokuja itaanguka.

Na fundi anayetakiwa kuizuia isianguke ni Famau, ndugu yake Khairiya, aliyefanya kazi miaka minane katika vyumba vya barafu vya Mombasa. Mara mbili alikuwa ameiziba koili kwa lehemu ya risasi, na mara mbili mtetemo wa injini umeipasua. Alhamisi asubuhi alikuja kuiziba mara ya tatu. Akakuta pamba.

"Nani metia pamba humu?" alifoka, uso umemvimba kwa joto na hasira.

Bwana Jamaludin alikuwa amesimama penye mlango wa gofu na kanzu yake nyeupe. Siku tano alikuwa hajala kitu cha maana.

"Ni mimi nimemwita Mzee Barka yana jioni," alisema. "Nimeona wewe wachelewa. Na kitu kikivuya si hukalafatiwa?"

"Mashua, shemeji! Mashua ndiyo hukalafatiwa!"

Mzee Barka mwenyewe alikuwapo, ameketi juu ya jiwe na patasi yake mapajani, ameudhika. "Mimi nimekalafati vyombo tangu hujazawa," alisema. "Hakuna hata kimoya kilichorudi kwangu. Pamba ile ni njema, na sifa ni ya papa, si ya samaki wa ovyo."

Famau alirudi butini. Aliing'oa koili, akaitoa nje kwenye jua, akaipaka povu la sabuni, akaipiga upepo kwa pampu ya gurudumu. Povu likatoa viputo hapa, na hapa, na hapa.

"Ilikuwa na tundu moya," alisema. Sauti ilikuwa imemshuka sasa, na hiyo ilitisha kuliko kufoka. "Sasa ziko sita. Tano ni za patasi."

Mzee Barka akainama kutazama. Aliweka kidole juu ya kiputo kimoja, akakiondoa, akakiweka tena. Kisha akaivuta patasi yake akaificha nyuma ya mgongo.

"Haizibiki tena hii," Famau akasema. "Yataka koili nyingine."

"Niagizie," akasema Jamaludin. "Agiza Mombasa. Agiza Ulaya!"

"Na ije lini, shemeji? Kesho ni Ijumaa."

Jamaludin akakaa chini mchangani na kanzu yake nyeupe.

Mimi ninayewasimulia sina huruma naye. Lakini Famau alikuwa nayo, au tuseme alikuwa nayo kwa dada yake, maana ndipo alipokumbuka jambo. Miaka miwili nyuma mashua moja ya injini, iliyokuwa na sanduku la baridi la kuhifadhia kamba, ilipanda mwamba karibu na Kizingitini ikavunjika. Wenyewe hawakurudi kuuliza. Vitu vyake vikagawanyika mjini, nyumba hii mlango, nyumba ile nanga. Na koili yake Famau alikuwa ameiona kwa macho yake uani kwa shangazi yake, Bi Tima.

Saa tatu asubuhi alikuwa ndani ya boti ya injini. Maji yalikuwa yanajaa, wakapita Mkanda, ule mkono mwembamba wa bahari kati ya mikoko, bila taabu. Saa saba akabisha hodi Kizingitini.

Bi Tima alikuwa uani. Na koili ilikuwapo pale pale, imelazwa juu ya mawe manne, na juu yake pweza kumi na wawili wameanikwa juani.

"Shangazi, naitaka hini."

"Na pweza wangu niwaanike wapi?"

"Shangazi, ni ndoa ya Khairiya!"

"Ndoa ya Khairiya na pweza wangu wameyuana wapi?"

Famau akamweleza yote, haraka haraka, huku akiwatoa pweza mmoja mmoja na Bi Tima akiwarudisha mmoja mmoja. Aliposikia kiapo, mama yule aliacha kuwarudisha. Alisimama na pweza mkononi.

"Na Khairiya mwenyewe asema n'ni?"

Famau alifikiri. "Hatuyamuuliza," akasema.

"Siku sita?"

"Shangazi, mimi nina kazi ya neli. Maneno si kazi yangu."

Bi Tima akatandika kanga yake chini. Kisha akakusanya pweza wake wote ndani ya kanga. "Tukua," alisema. "Lakini ukifika umuulize. Wanisikia? Umuulize."

Famau akaitikia ndiyo, ndiyo, kama wanavyoitikia wanaume walio mlangoni. Akaibeba koili begani akakimbia.

Kurudi hakukuwa kama kwenda. Mkanda ulikuwa umekauka. Boti ikakaa juu ya tope, ikalala ubavu, na hapakuwa na la kufanya ila kungoja maji. Famau alikaa saa nne katikati ya mikoko na koili inayonuka pweza, akihesabu saa zilizobaki na kuumwa na mbu. Alimlaani Barka, akamlaani Jamaludin, akaulaani Mkanda, kisha akamwomba Mungu msamaha na kuanza upya kwa Barka. Walipofika Mkomani watu walikuwa wamelala.

Ijumaa asubuhi, msomaji. Saa sita na dakika zake adhana italia. Sasa ni saa moja.

Famau aliiosha koili kwa maji matamu, akaipiga upepo, na akatamani kuitupa baharini. Neli zilikuwa nzima, shaba nene ya mashua. Lakini viungo! Kila mahali neli ilipopinda palikuwa na kiungo, na chumvi ya miaka miwili ya pweza ilikuwa imekula viungo vyote. Ishirini kwa hesabu.

Lehemu ya risasi isingefaa, hilo alikuwa amelijua kwa kupasukiwa mara mbili. Ilitakiwa lehemu ya fedha, ile wanayotumia masonara, ambayo ikishashika haiachi. Akaibeba koili hadi kwa Wazir sonara.

Wazir ni mtu wa maneno machache na miwani minene. Aliigeuza koili, akaigonga kwa ukucha.

"Kazi yawezekana," alisema. "Mivukuto ninayo, makaa ninayo, ule unga mweupe ninao. Fedha sina."

"Huna fedha, Bwana Wazir? Na hizi n'ni?" Famau akaonyesha sanduku lililojaa mikufu na pete.

"Hizi ni za watu. Ni amana. Nikatilie amana ya watu ndani ya gari la Jamaludin, kisha nimjibu Mola wangu n'ni?"

"Yatosha fedha ngapi?"

Wazir akahesabu viungo kwa kidole. "Kikuku kimoya na nusu. Kikuku kizito, cha zamani."

Famau alijua mara moja ni nani mwenye vikuku vizito vya zamani. Akashuka ngazi mbili mbili.

Khairiya alikuwa juu, katika chumba cha ndani cha nyumba ya Jamaludin, anashona kofia. Sindano ilikuwa inaingia na kutoka kwa utulivu, kana kwamba ni Ijumaa nyingine yoyote. Ana miaka thelathini na miwili. Mikononi alikuwa amevaa vikuku viwili vya fedha, kimoja kila mkono, na havikuwa vimetoka mkononi mwake tangu siku aliyoolewa, maana ndiyo mahari yake.

"Dada," alisema Famau akihema, "nipa zikuku zako."

Khairiya hakuinua macho. "Za n'ni?"

"Tuziyayushe. Twataka lihamu ya koili. Bila ya hizo gari halitapuliza, na likitopuliza wewe huna mume."

Sindano ikasimama.

"Famau," alisema Khairiya, "wayua aliniwata talaka ya kwanda kwa n'ni?"

"Dada, saa mbili saa hizi..."

"Kwa mtuzi. Ulipungua munyu. Mara ya pili nilifungua dirisha naye alitaka lifungwe. Haya, mara zile mbili nilikuwako. Nilipika mimi, nilifungua mimi. Mara hini ya tatu hata sikuwako! Nimekaa hapa nashona, watu wanakuya kunambia kuwa nimetundikwa kwenye gari."

"Alikuwa na hasira. Ameyuta, wallahi ameyuta. Hali chakula."

"Na wewe wiki nzima umelala tumbo yuu ya matope na mafuta kwa ajili yangu. Nayua. Mungu akulipe." Akamtazama sasa, na macho yake yalikuwa mekundu, si ya kulia, ya hasira iliyokaa siku sita bila pa kwenda. "Lakini umeniuliza?"

"Nakuuliza sasa."

"Waniuliza zikuku. Mimi huyaniuliza."

Famau alikumbuka maneno ya Bi Tima. Aliyakumbuka, akafungua kinywa, na hapo chini barazani Jamaludin akapiga kelele kuwa saa mbili na robo imepita. Famau akakifunga kinywa. Nimekasirika naye kwa hilo hadi leo.

Khairiya akaiweka kofia kando. Akapaka mkono mafuta, akakivuta kikuku cha kulia, kikatoka kwa shida na kuacha mfinyo. Akavuta na cha kushoto.

"Kimoya na nusu chatosha," akasema Famau.

"Zote ziwili. Mwambie Wazir azipime kwanda, aandike uzani wake, na atie fedha yote ndani ya koili. Isisazwe hata chembe."

"Kwa n'ni yote?"

"Huna haraka?" akasema dada mtu.

Alikuwa nayo. Akaondoka bila kuuliza tena.

Wazir alipima, akaandika uzani kwenye karatasi, akaikunja na kuitia kofiani. Kisha akaviyeyusha vikuku pamoja na vumbi la shaba ya manjano, na kazi ikaanza. Mivukuto ilipumua, makaa yakawa mekundu, na Wazir akapuliza moto kwa kijineli chake kwenye kiungo cha kwanza. Fedha ikakimbia kuzunguka shaba ikakaa. Cha pili. Cha tatu. Kila kiungo alikitia mara mbili, maana aliambiwa isisazwe.

Saa nne na nusu koili ilikuwa tayari. Waliibeba hadi kwenye birika la kuogea la nyumba ya Jamaludin, wakaizamisha majini, Famau akapiga pampu. Wote wakatazama maji.

"Hakuna," akasema Famau.

"Hakuna," akasema Jamaludin.

"Kiko," ikasema sauti nyuma yao.

Ilikuwa ya Mzee Barka. Hakuna aliyemwita. Alikuja akapiga magoti ukingoni mwa birika, akatia mkono majini hadi begani, akaupitisha polepole juu ya viungo. Ukoo wake wote umeishi kwa kutafuta mahali maji yanapopita.

"Hapa. Chatoka kidogo, chatoka polepole. Wewe hukioni, mimi nakihisi kwenye kidole." Kikapanda kiputo kidogo mno, kimoja tu. Wangekiacha, gesi yote ingetoka kwa nusu saa.

Famau alitaka kumkumbatia na kumpiga kwa pamoja. Hakuwa na wakati wa lolote kati ya hayo. Kiungo kikarudiwa.

Saa tano na robo. Koili ilikuwa pana kuliko nafasi yake kwa vidole vinne. Jamaludin mwenyewe akashika msumeno akakata ukuta wa nyuma wa kiti chake cha ngozi, jambo ambalo mwezi uliopita angemtundikia mtu talaka kwa kulitaja tu. Famau akaisukuma koili ndani, akaunga neli kubwa na neli ndogo, akatoa hewa, akachukua chupa ya gesi. Ilikuwa ya mwisho. Hapakuwa na nyingine karibu kuliko Mombasa.

Saa sita kasoro dakika kumi. Gofu lilikuwa limejaa watu, na wengine wamekaa juu ya kuta. Jamaludin, ameshatawadha na kuvaa koti la Ijumaa, aliingia akakaa kiti cha nyuma, uso mbele ya tundu za hewa.

"Nilimwomba muadhini acheleweshe kidogo," alimnong'oneza Famau. "Menambia yua haliombwi."

Famau akawasha injini. Akafungua gesi. Feni ikazunguka, na usoni mwa Bwana Jamaludin kikapuliza kitu.

"Hari," akasema Jamaludin.

"Ngoja."

"Ni hari, Famau! Yanuka pweza!"

"Ngoja, nimesema!"

Dakika sita zikapita. Famau alishika neli ndogo kabla ya kile kijitundu chembamba ambapo gesi hupenya kuingia koili. Ilikuwa ya moto. Akashika baada yake. Ilikuwa ya moto vile vile. Gesi haikuwa inapita. Kitu kilikuwa kimeziba, na alijua ni nini kabla hajafikiri, maana kulikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyepigilia pamba hadi ndani ya neli za gari hili.

"Barka!" alipiga kelele, akashika spana kubwa zaidi.

Mzee Barka akakimbia. Lakini spana haikuwa yake. Famau aliipiga neli, mara moja, mara mbili, kwa hasira ya wiki nzima, ya Mkanda na mbu na pweza na patasi. Mara ya tatu kitu kikakoroma ndani ya shaba. Kikapiga mluzi.

Umande ukaota juu ya neli. Kisha umande ukawa mweupe.

Ndani ya gari Jamaludin alikuwa amefumba macho akisoma dua. Nywele za kidevu chake zikatikisika. Akafumbua jicho moja.

"Baridi," alisema polepole. Kisha akapiga ukelele, "Baridi! Wallahi baridi! Njooni mushuhudie, yanuka pweza na ni baridi!"

Watu wakaingiza mikono kila dirisha. Watu saba wa Jumamosi wakaitwa kwa majina, mmoja mmoja akapulizwa usoni, mmoja mmoja akashuhudia. Na yule wa saba alipokuwa angali anatikisa kichwa kukubali, adhana ikalia.

Famau akakaa chini pale pale, mgongo kwenye gurudumu. Akacheka, na machozi yakamtoka, na hakujali nani anamwona.

Adhana ilipokwisha, watu walianza kutoka kwenda msikitini. Hawakwenda mbali. Mlangoni mwa gofu alikuwa amesimama Khairiya, ndani ya buibui, na nyuma yake Wazir sonara ameshika karatasi iliyokunjwa.

"Khairiya!" Jamaludin alitoka garini ameinua mikono. "Mke wangu! Haikuanguka! Baridi imekuya!"

"Nimesikia," alisema Khairiya. "Nilikuwa nangoja ije. Sikutaka kuwatwa na gari."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Bwana Wazir, soma uzani."

Wazir akafungua karatasi akasoma uzani wa vikuku viwili, fedha safi, na kwamba vyote vimeingia katika koili bila kusazwa. Mikono ya Khairiya ilikuwa mitupu, na ile mifinyo ya miaka kumi na miwili ilionekana wazi.

"Hiyo ni mahari uliyonipa," Khairiya alimwambia mumewe. "Imo mwako sasa, ndani ya gari lako, nyuma ya kiti chako, nayo yakupuliza. Nimekurudishia yote mbele ya watu. Nataka khului: mke hurudisha mahari akayikomboa. Nimeyikomboa, Jamaludin. Niwate kwa kinywa chako mara moya, kwa kuwa nimekuomba, si kwa munyu wala dirisha wala mtambo."

Injini ilikuwa ingali inanguruma na milango ya gari wazi, baridi yote ikipotelea juani.

Jamaludin alishusha mikono. Akatazama huku na huku. Juu ya jiwe, pale alipoketi jana, Mzee Barka alikuwa ameisahau patasi yake.

Jamaludin akaichukua.

"Hairudi," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kulia. "Mahari hairudi kwangu. Nitaing'oa! Na liharibike gari, na liwe kuukuu, nitaikwangua fedha yote nimtilie mkononi mwake!" Akauendea mlango wa nyuma.

Lakini mlangoni kulikuwa na mtu. Famau alikuwa ameinuka kwenye gurudumu na kuingia kiti cha nyuma, akaketi, miguu ameitanua, mgongo wake umeifunika koili. Baridi ilikuwa inampiga shingoni. Mbele yake palikuwa na patasi ile ile iliyotoboa tundu tano, mkononi mwa mtu aliyemhangaikia wiki nzima asiachane na mkewe.

"Nipisha, Famau," akasema Jamaludin.

Famau hakumtazama. Alitazama juu ya bega lake, hadi mlangoni, kwenye buibui.

"Dada," alisema, "nimpishe?"

Na Khairiya, ambaye siku sita nzima hakuna aliyemuuliza, hakuhitaji muda wa kufikiri. "Usimpishe," akasema.